Pampu ya kurudisha maji toka sampu: ipi inawaka yenyewe umeme ukirudi usiku?

Tropheus_Tabata
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, wiki hii nimepoteza samaki wanne na sitaki irudie tena.

Nina tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, chini yake kwenye kabati kuna sampu ya 80 kwa 40 kwa 40, yaani lile tangi la kuchujia, maji yanashuka humo toka juu na pampu inayarudisha. Ndani nafuga Tropheus wa Ziwa Tanganyika, walikuwa 18 sasa wamebaki 14, nimewalea toka wakiwa saizi ya kidole cha mwisho. Juzi umeme ulikatika saa nne usiku tukalala, ukarudi kwenye saa tisa hivi maana feni ndio iliniamsha, nikasikia na sebuleni ule muungurumo wa pampu nikajua kila kitu kipo sawa nikageukia upande wa pili nikaendelea kulala. Saa kumi na mbili naenda kuwasha taa nakuta samaki wote wako juu wanahema midomo wazi, wanne wameshakufa. Pampu ilikuwa inanguruma tu haisukumi hata tone. Nikachomoa, nikafungua, nikazungusha impela (kile kinachozunguka ndani ya pampu) kwa kidole, nikairudisha ikapiga mzigo kama kawaida.

Sasa nataka mpya. Fundi aliyenifungia tangi anasema nichukue ya lita 10,000 kwa saa nimalize kabisa hili tatizo. Dukani nimeonyeshwa Sicce Syncra 3.0, kuna jamaa anauza Eheim 1262 iliyotumika, na kuna zile za DC (umeme mdogo kama wa betri) za Jebao zenye kidude cha kuongeza na kupunguza kasi. Bajeti mwisho laki nne. Swali langu ni moja tu, ipi itawaka yenyewe umeme ukirudi nikiwa nimelala au nimesafiri? Sauti na muonekano hata sijali.

fundi_maji_Mwanza
Pole sana ndugu, Tropheus hawavumilii kabisa maji yasiyo na hewa, hao wamezoea miamba ya pembeni ya ziwa ambako mawimbi yanapiga muda wote.

Kabla hujatoa hela nijibu kitu kimoja, maji unachota wapi? Na mara ya mwisho kuifungua hiyo pampu kabla ya juzi ilikuwa lini?

Tropheus_Tabata
Kisima mkuu, mtaa mzima huku ni kisima, ukichemsha maji sufuria inabaki na ukoko mweupe. Kuhusu kuifungua sijawahi, niliinunua pamoja na tangi kwa mtu aliyekuwa anahama, ina mwaka na miezi kwangu.

fundi_maji_Mwanza
Basi ukoko ule ule wa kwenye sufuria ndio uko ndani ya pampu yako. Ngoja nieleze kidogo maana ukishaelewa hili utajua mwenyewe cha kununua.

Hizi pampu za AC tunazotumia, za kuchomeka moja kwa moja ukutani, hazina brashi wala waya kwenye sehemu inayozunguka. Koili imezibwa ndani ya plastiki na resini, na kinachozunguka ni sumaku yenye mabawa, ndio hiyo impela, inakaa ndani ya maji yenyewe imepitishwa kwenye kijiti chembamba cha seramiki. Umeme wa ukutani unapiga mizunguko 50 kwa sekunde na ile sumaku inatakiwa iudake huo mwendo palepale toka ilipolala, hakuna kitu kingine cha kuisukuma ianze. Ikishakuwa kwenye mwendo chokaa kidogo haiwezi kuisimamisha, ndio maana pampu inafanya kazi mwaka mzima ukadhani ni nzima kumbe inaishi kwa kuwa haijawahi kusimama muda mrefu. Siku imesimama masaa matano chokaa na ute vinashika, umeme ukirudi sumaku inatikisika huku na huku bila kumaliza hata mzunguko mmoja, na ule muungurumo uliousikia usiku ndio huo. Kwa hiyo kusikia sauti sio ushahidi kwamba maji yanatembea, ushahidi ni maji kuanguka kwenye sampu.

Kwa hiyo hiyo ya zamani usiitupe. Ivunjevunje yote, loweka kwenye siki nyeupe nusu na maji nusu kwa lisaa au hata zaidi, sugua kwa mswaki mpaka ndani kabisa kwenye shimo la impela ambako watu wengi hawafiki, suuza sana. Usikwangue kwa kisu. Alafu angalia vitu vitatu, kijiti cha seramiki kama kina ufa, vile vimpira viwili vinavyokishika kama vimelika, na sumaku kama imevimba au imepasuka ganda la juu. Sumaku ikivimba hata kidogo inagusa ukuta, hapo siki haisaidii unanunua impela nyingine.

Na hapo ndio kipimo changu cha kwanza cha pampu ya kuaminika, je impela yake nitaipata mwakani? Eheim na Sicce wanauza impela peke yake, kijiti peke yake, vimpira peke yake. Pampu ambayo haina spea hata iwe nzuri vipi, siku kijiti kikikatika unanunua pampu nzima.

mie_wa_Nyali
Salaam jamaa. Mie niko Mombasa, tangi langu la maji ya bahari, lina miaka saba sasa. Naunga mkono alivyosema fundi na naongeza machache kwa sababu chumvi imenifunza mengi.

Kwanza tazama kijiti, kiwe cha seramiki. Zipo pampu za chemchemi za bustani zina kijiti cha chuma, dukani utaambiwa ni stenlesi haipati kutu, kwa maji ya bahari itapata tu, na ndugu yangu kisima chako kama kina chumvi nayo si salama. Pili, msimwache mtu akawauzia pampu ya kisima au ya kutolea maji ya mafuriko ati ina nguvu. Nyingi za zile zina mafuta ndani ya mota, siku mpira wa kuzuia maji ukichoka mafuta yote yaingia tangini. Kijana mmoja jirani yangu lilimpata hilo, alirudi kutoka kazini akakuta maji yana ngozi ya mafuta juu, akapoteza kila kitu mpaka majani. Na ikiwa ina sehemu za shaba zinazogusa maji, kamba na matumbawe hawaponi.

Kuhusu DC mie sina hamu nazo. Nilikuwa na moja, kampuni siitaji, pampu yenyewe ilikuwa nzima kabisa ila kile kidude cha kuongozea nilikifunga ndani ya kabati juu ya sampu, unyevu wa chumvi ukaingia, baada ya miezi kumi kikafa. Dukani wakaniambia kidude hakiuzwi peke yake. Nikabaki na pampu nzima isiyowaka. Toka hapo nimerudi AC, Syncra, mwaka wa tano huu, nimebadili impela mara moja.

sola_Dodoma
Mkuu wa Nyali nakuheshimu ila hapo kwenye DC natofautiana na wewe kidogo, kwa sababu mwenzetu ameuliza kuhusu umeme kukatika, na umeme ukikatika masaa matano pampu ya AC nzuri kuliko zote duniani itasimama masaa matano. Samaki wake hawakufa kwa sababu ya yale masaa matatu ya asubuhi peke yake, hewa ilianza kupungua toka saa nne usiku.

Yangu ni ya volti 24, nimeipunguza ipo kwenye wati 30. Nimeunga betri mbili za volti 12 za amp-saa 40 kila moja, hizo mbili pamoja ni wati-saa 960, sizimalizi natumia nusu tu zisife mapema, maana yake 480 gawa kwa 30 ni masaa 16. Umeme ukikatika pampu haijui kama kuna kitu kimetokea, haisimami hata sekunde, kwa hiyo hata swali la itawaka au haitawaka halipo. Na ikisimama kwa sababu nyingine, kidude chake kinaianzisha taratibu na ikikwama kinajaribu tena, sio kama AC ambayo inatikisika hapo mpaka kuche.

Kidude nimekitoa nje ya kabati kabisa, kipo ukutani juu ya usawa wa tangi, waya unashuka kwanza alafu ndio unapanda ili tone likitembea kwenye waya lidondoke chini lisiingie kwenye soketi. Hilo la waya fanyeni hata kwa AC.

Na kwa wenye inveta: zile za bei chee ambazo mawimbi yake ni ya ngazi ngazi zinafanya pampu ya AC ipige kelele na ipate moto. Kama utaweka inveta iwe inayotoa wimbi laini kama la umeme wa ukutani.

mie_wa_Nyali
Hilo la betri umesema kweli, sikulitia akilini. Kwangu nina pampu ndogo ya hewa yenye betri yake inayowaka stima ikipotea, ndiyo inayoniokolea samaki. Lakini basi mwambie mwenzetu anunue na kidude cha akiba siku hiyo hiyo anaponunua pampu, na kama dukani hakipo asiinunue.

sola_Dodoma
Hapo tunakubaliana, mimi ninacho cha pili kwenye droo.

mama_Malaika_AR
Jamani hamjambo. Nimesoma toka juu nataka kumjibu kwenye ile ya lita 10,000 kabla hajaenda kulipa.

Kaka usichukue. Tangi lako 120 x 50 x 50 ni lita 300. Maji ya sampu kuzunguka mara tano kwa saa yanatosha kabisa, hiyo ni lita 1,500 kwa saa zikifika JUU, kama unataka mwendo mkali ndani kwa ajili ya Tropheus weka powahedi ndogo (pampu ya kuvurumisha maji tu) ndani ya tangi, usilazimishe maji yote yapite kwenye sampu. Ukisukuma lita nyingi kuliko zinazoweza kushuka kwenye bomba la kumwagikia, tangi linafurika juu ya kapeti.

Ila kumbuka namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa haipandishi kitu. Syncra 3.0 imeandikwa lita 2,700 kwa saa na kimo cha mwisho mita 3, maana yake kwenye mita 3 haitoi kitu. Kwako kutoka kwenye sampu mpaka ukingo wa tangi nadhani ni kama mita moja na nusu kasoro, hesabu utapata kama nusu hivi ya hiyo namba, kidogo juu kidogo chini kutegemea elbo ulizofunga. Ndio maana kwako inakaa vizuri tu. Eheim 1262 ni lita 3,400, nayo itafaa na ni pampu ngumu sana, ila ile ya zamani inakula wati 80 na Syncra 3.0 ni 45.

Na hizo wati sio jambo dogo jamani. Wati 80 usiku na mchana ni uniti 57 na nusu kwa mwezi, wati 45 ni uniti 32. Kwa sisi tulio kwenye ule mpango wa matumizi madogo usiovuka uniti 75 kwa mwezi, pampu ya wati 80 peke yake inaacha uniti 17 kwa friji, taa na tivii, haiwezekani. Alafu karibu zote zinaishia kuwa joto ndani ya maji kwa sababu pampu imezama. Huku Arusha Julai nashukuru, ila nyie wa Dar mwezi wa pili maji yanafika nyuzi 30 bila hita, na maji ya moto yanashika hewa kidogo.

Kingine nawaomba sana, msiagizie pampu Marekani bila kuangalia volti. Shemeji yangu aliniletea nzuri sana kwa moyo wake wote, volti 120 hezi 60, yaani umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde. Nikaichomeka moja kwa moja bila kusoma, ilinuka kama plastiki inaungua haikumaliza dakika. Wengine wananunua transfoma ya kushusha volti, inasaidia kwenye volti lakini hezi zinabaki 50, na pampu ya AC inafuata hezi, itazunguka pole pole kuliko ilivyotengenezwa. Iliyotengenezwa kwa 230 na 50 ndio yetu.

Tropheus_Tabata
Dada asante sana, hiyo ya uniti sikuwahi kuipigia hesabu. Sasa nimebaki na swali, nikifunga pampu mpya nisije nikatatua hili nikaleta lingine. Juzi umeme ulipokatika sampu ilipanda maji mpaka ikabakiza kama vidole viwili kumwagika. Hiyo ni kawaida?

fundi_maji_Mwanza
Sio kawaida na ni bahati kabati lako halijavimba. Pampu ikisimama bomba la kurudishia linageuka kuwa mpira wa kunyonyea, maji ya tangi yanajivuta kushuka chini mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Mdomo wako uko chini ya uso wa maji kiasi gani? Kila sentimita moja kwenye tangi lako ni lita 6. Ukiwa sentimita 5 ni lita 30, ukiwa 10 ni lita 60. Sampu yako nzima ni lita 128, ukiijaza nusu unabakiwa na 64 na hapo bado hujatoa nafasi ya sponji na mawe ya filta. Piga hesabu utaona ulikuwa wapi.

Dawa yake, toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba la kurudishia, karibu kabisa na uso wa maji lakini chini yake, litupie ndani ya tangi. Maji yakishuka kidogo tu tundu linavuta hewa na kunyonya kunakatika. Wengine watakwambia weka valvu ya njia moja, mimi siiamini peke yake, konokono mdogo au uzi wa mwani ukikaa pale haifungi. Na tundu lenyewe usilisahau, mwani unaliziba, lichokonoe kila unapobadili maji.

Bomba nalo, usije ukatoka na mdomo wa inchi moja wa pampu ukafunga bomba la nusu inchi kwa kuwa ndilo lililobaki nyumbani. Lita zinazopotea hapo ni nyingi kuliko unavyofikiri. Badala ya elbo moja kali ya nyuzi 90 tumia mbili za 45. Ukitaka kupunguza maji weka koki upande wa kutokea, kamwe usizibe upande wa kuingilia, pampu inakosa maji na maji ndio yanayoipoza na kulainisha kile kijiti. Kwa sababu hiyo hiyo angalia chumba cha pampu kwenye sampu kila siku, maji yanayokauka kwa joto yanapungua pale kwanza, tangi juu linaonekana limejaa vile vile huku pampu inavuta hewa.

Kuhusu hiyo Eheim iliyotumika, kama muuzaji anakubali ifungue mbele yake. Kijiti kikiwa kizima na sumaku haijavimba ichukue kama ya akiba. Akikataa kufunguliwa iache.

kijana_wa_Ilala
Naomba kuuliza hapo hapo, wengine wanasema mafriji gadi yanasaidia pampu isiungue umeme ukirudi kwa kasi ni kweli?

sola_Dodoma
Inasaidia ndio, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndio inapitisha. Ila hizo dakika nazo ni dakika za bila maji kutembea, zihesabu.

Tropheus_Tabata
Wakuu narudi baada ya siku tisa, nimeona sio vizuri kuchukua ushauri nikapotea.

Nimechukua Syncra 3.0 mpya pamoja na impela yake ya akiba siku ile ile, kwa bajeti yangu betri za DC zisingetosha safari hii. Nikaongeza pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika kama alivyosema ndugu wa Nyali. Ile ya zamani nililoweka kwenye siki usiku kucha, chokaa iliyotoka ilikuwa kama unga wa sembe, kijiti kizima ila kimpira kimoja kimelika, nimekibadilisha sasa ipo kwenye kabati kavu kama ya dharura. Jamaa wa Eheim alikataa isifunguliwe, nikaiacha.

Nimekinga maji juu kwenye tangi kwa ndoo ya lita 20, imejaa sekunde 50, hiyo ni lita 1,440 kwa saa. Nimetoboa tundu, nikachomoa pampu makusudi nikasimama naangalia, sampu imepanda sentimita tatu ikatulia. Alafu nikaichomoa na kuichomeka mara ishirini, kila mara nasubiri nione maji yanaanguka kwenye sampu sio kusikia sauti, ishirini zote imewaka. Jana usiku umeme ulikatika saa mbili ukarudi saa saba, nilikuwa macho nimekaa kwenye kiti mbele ya tangi na tochi. Imewaka mara moja.

Samaki 14 wote wapo. Jike mmoja ameanza kubeba mayai mdomoni.

fundi_maji_Mwanza
Safi sana. Huyo jike usimsumbue, na usibadili maji mengi kwa mkupuo wiki hizi. Pampu ifungue tena baada ya miezi mitatu, kwa kisima chako usingoje sita.

mama_Malaika_AR
Mashallah. Tropheus anabeba kama wiki nne hivi, wakitoka tuwekee picha kaka. Na mdomo wa kuingilia wa pampu ufunike mapema kwa sponji nyembamba inayopitisha maji, watoto wakishuka kwenye sampu wasivutwe.